Senta wa Miaka Ishirini na Tisa

Wewe uliyekaa karibu na feni, una miaka mingapi? Siulizi ya kwenye makaratasi. Nauliza ile anayoijua mama yako.

Mnacheka. Chekeni tu, leo ni Jumapili ya vijana, ruhusa ipo. Wazee wa viti vya mbele nanyi chekeni mapema, maana mbele ya safari sitawahakikishia.

Kulikuwa na mchezaji mmoja wa mpira wa kikapu. Mrefu, mtu wa kuinama kila mlango. Alicheza senta, yule anayesimama chini ya goli na kugombea kila mpira unaorudi. Klabu ilimlipa mshahara kwa kudaka mpira hewani, na humu ndani kuna watu wana digrii hawalipwi hata kwa kushika kalamu. Anyway, huko tusiingie. Bado.

Mchezaji huyu alikuwa na tatizo moja: hakutaka kuzeeka. Alipofika miaka ishirini na miwili, timu ya vijana ilitaka mwisho ishirini. Akaenda kwa wakili, akainua mkono, akaapa kwamba cheti chake kilikosewa. Muhuri ukagongwa. Miaka miwili ikayeyuka, na nyumbani ana mtoto anatambaa! Ikawa tamu. Kila mkataba ukikaribia kwisha, huyo kwa wakili. Akapunguza mitatu. Akapunguza minne. Mara ya nne akapunguza mitano kwa mpigo, mpaka wakili mwenyewe akavua miwani.

“Kaka,” akasema wakili, “ukirudi tena nitakufungulia kadi ya kliniki, uanze chanjo.”

Kwa hiyo mwili ulikuwa na miaka arobaini na mitatu, faili lina ishirini na tisa. Ndevu alizipaka piko nyeusi kila Jumamosi, kuficha mvi. Magoti aliyachua kwa dawa yenye harufu ya kuamsha mtaa. Na pale klabuni kulikuwa na desturi: timu ikisafiri, mdogo kwa umri humbebea mkubwa begi. Nahodha alikuwa na miaka thelathini na mmoja, ya kweli.

“Dogo! Begi hilo, fasta!”

“Nakuja, bro.”

Bro! Wakati yeye anafanya mtihani wa darasa la saba, huyo bro alikuwa kwenye nepi.

Siku moja alijisahau, akaanza kuwasimulia wenzake jinsi alivyokuwa akizungusha kaseti kwa kalamu ili kuokoa betri za redio. Chumba kizima kikamgeukia. “Dogo, hizo habari umezitoa wapi?” Akajibu haraka, “Alinisimulia babu.” Kila siku alicheza mechi mbili, moja uwanjani, nyingine mdomoni. Lakini alikuwa na raha, jamani. Jina mgongoni, watoto wanamkimbilia, mechi ikiisha anapigiwa makofi. Ni nani kati yetu asingeipenda hiyo?

Basi, msimu mmoja klabu ikaita vijana wafanye majaribio. Wakaja wengi, mmoja akawafunika wote. Miaka ishirini na miwili, mikono mirefu, anaruka kama sakafu imemtukana. Kocha alisimama juu ya kiti. Na mchezaji wetu, aliyekuwa pembeni akifunga kamba za viatu, alishindwa kufunga hizo kamba kwa furaha. Kijana yule alikuwa mwanawe. Alimfundisha mwenyewe, uani, kwa ndoo iliyotobolewa kitako na kupigiliwa ukutani. Alishamwambia, “Tutacheza timu moja, mimi na wewe.” Aliiwaza siku hiyo kwa miaka. Ila kuna kitu kimoja hakukiwaza: usajili unataka cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa kina jina la baba.

Katibu wa klabu akawaita wote wawili ofisini. Kocha yupo, nahodha ameegemea mlango.

“Hongereni,” akasema katibu. “Lakini nimeona mambo. Baba wa huyu ana majina yako, yote matatu.” Akaweka mafaili mawili sambamba. “Wewe ishirini na tisa. Huyu ishirini na miwili. My friend, ulimzaa ukiwa na miaka saba? Meno ya mbele yalikuwa yameshaota?”

Nahodha akacheka mpaka akashika ukuta. Katibu hakucheka.

“Nafasi ya senta ni moja. Kama huyu ni mwanao, faili lako ni uongo, unastaafu leo na tunamsajili yeye. Kama si mwanao, wewe unabaki, yeye atasubiri. Sina swali jingine. Huyu ni nani?”

Jibu lilikuwa neno moja. Alilijua toka usiku aliombeba kijana huyo hospitali ana homa. Akamtazama mwanawe. Akaitazama jezi iliyotundikwa nyuma ya mlango, ina jina lake. Jasho likaanza kushuka, na piko nayo ikashuka.

“Huyu ni mdogo wangu,” akasema. “Hilo kwenye cheti ni jina la baba yetu. Mimi nimelirithi.”

Katibu akamgeukia kijana. “Ni kweli?”

 Kijana akachukua cheti chake mezani, akakikunja taratibu, akakitia mfukoni.

“Ni kweli,” akasema. Akamtazama mzee usoni. “Sawa, kaka. Nikifika nyumbani nikusalimie shemeji?”

Akatoka.

Mbona mmenyamaza? Si mlikuwa mnacheka?

Kijana yule ni sisi. Tumesoma, tumepigiwa makofi siku ya mahafali, baba zetu wamelia kwa furaha, wengine wamechinja na mbuzi. Tukibisha hodi kazini tunaambiwa nafasi ina mtu, tena bado kijana, ana miaka sita kabla ya kustaafu. Na sisi nasi tusijifanye malaika, please. Umri wa baba tunaujua. Tunanyamaza kwa sababu ugali unatoka hapo hapo, halafu tunashinda kutwa tukiitukana serikali mtandaoni. Kijana wa mfano alisema “ni kweli” mara moja. Sisi tumeisema mara ngapi?

Sijasema mzee ni adui. Mzee yule alimpenda mwanawe, aliyemtundikia ndoo ni nani? Lakini ukimpenda mtu kisha ukakalia kiti chake, huyo mtu anakula nini?

Sasa nasema na ninyi maafisa utumishi, na humu mmo, nawajua hata mnapokaa. Mnaopokea hati ya kiapo ya kwanza, ya pili, ya nne, mnaitia kwenye faili na kunywa chai. Kesho Jumatatu, saa mbili asubuhi, fungueni makabati. Toeni vile vyeti vya mwanzo kabisa. Anayetakiwa kustaafu mwaka huu, astaafu mwaka huu, kwa keki na hotuba na heshima zake zote. Wiki hiyo hiyo tangazo la nafasi yake libandikwe mlangoni, mahali tunapoweza kulisoma. Na ule mstari wa chini, “uzoefu usiopungua miaka mitano”, ufuteni. Au mnataka na sisi twende kwa wakili tukauapie?