Vidole vya Bibi Mghoi

Kisa ninacho, mnakitaka? Tunakitaka! Nikilete? Kilete! Haya, sogeeni, na wewe Mshai acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale na kale, milima yetu ilipokuwa bado haijapewa majina, aliishi Mwakio. Mchapakazi! Mcheshi! Ila hasira, wajukuu wangu, hasira zake zilikaa mkononi. Mkewe Wakesho akimwambia, "Baba watoto, jizuie," yeye hujibu, "Nimezaliwa hivi."

Siku hizo maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu. Leo shamba langu, kesho lako. Mwakio akapoteza hesabu ya siku, akamkuta Bibi Mghoi, mjane jirani yake, akifungulia maji.

"Mwizi wa maji wewe!"

"Leo zamu yangu, mwanangu. Hebu hesabu tena."

Je, alihesabu? Hakuhesabu! Aliinua mpini wa jembe akampiga mkononi, pa! Vidole vikavunjika, vitatu. Na mnajua vilikuwa vidole vya nani? Vya mtu pekee mlimani aliyejua kuunga mifupa.

Mwezi haukuisha. Mwakio alipanda kuezeka nyumba, akateleza, akaanguka, mguu ukavunjika kama muwa. Wakesho akakimbia kumwita Bibi Mghoi. Naye akaja, jamani, akaja! Mwakio alipomwona, machozi yalimtoka. Maskini, hata mimi namhurumia.

"Bibi, nisaidie. Nisipotembea, wanangu watakula nini?"

"Nitakusaidia. Ila vidole hivi havikunjiki tena, wala haviusikii mfupa. Mkeo atashika, mimi nitasema."

Akasema, Wakesho akavuta. Akasema, Wakesho akafunga. Mguu ukapona, lakini ukapona umepinda. Mwakio akarudi shambani akichechemea, na kila zamu ya Bibi Mghoi ilipofika, ni yeye aliyemfungulia maji.

Siku moja akamwuliza, "Bibi, utanisamehe lini?"

"Nilikusamehe siku ile ile, mwanangu. Ningekuwa na vidole vizima, ningekunyoosha mguu."

Basi wapenzi wangu, ndiyo maana Maandiko yanatuonya kwamba jeuri humrudia mwenyewe, na wahenga wakasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Msamaha mtaupata, kwa Mungu na kwa watu. Lakini mkono ukiinuka, ushusheni kabla haujapiga.

Kisa changu kimetua mzigo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi kikongwe.