Uji Mweusi wa Litumbo

Hapo zamani, kule Litumbo, palikuwa na kilima cha makaa ya mawe ambayo hakuna aliyeyataka. Yalijaa majivu na udongo. Ukiyawasha yalifuka moshi tu. Ditram, mkuu wa mgodi, akaamua yasagwe unga, yachanganywe na maji, yawe uji mweusi wa kusukumwa kwenye bomba hadi tanuri la kiwanda cha chai.

Mchanganyaji alikuwa Otilia. Aliujua uji ule. Ukikorogwa, hulainika ukaenda. Ukiachwa, huganda, unga ukatuama kama saruji. Akamfunza Egno, fundi wa pampu: "Kaka, ukizima pampu, safisha bomba kwa maji hapo hapo."

Siku moja ikaja habari: wakubwa wa kiwanda wanakuja kuutazama moto. Wasiporidhika, watarudi kwenye kuni, na mgodi utafungwa.

Ditram akamwambia Otilia, "Punguza maji. Nataka moto mkali."

"Bosi, makaa haya yana udongo, yanakunywa maji. Ukipunguza, uji hautapita."

"Utapita. Changanya."

Otilia akachanganya. Uji ukapita kwa shida, pampu ikilia.

Wageni wakiwa njiani, jirani akamjia Egno mbio: mkewe, Fabiola, anamwita, mtoto ana degedege. Egno akazima pampu. "Dada, nisafishie bomba!" akapaza sauti, akakimbia.

Otilia akashika koki ya maji. Ditram akamshika mkono. "Ukiumwaga uji huu, wageni wataona nini?"

Otilia akaiachia koki.

Egno akamkimbiza mtoto zahanati, mtoto akapona. Akarudi anahema.

"Bomba halijasafishwa," Otilia akamwambia. "Tulifungue kwanza."

Egno akatazama langoni. Gari la wageni lilikuwa linaingia. "Nimetoka kazini bila ruhusa. Wakikuta pampu imelala, nimekwisha."

Akawasha. Akaongeza nguvu, akaongeza tena. Bomba likapasuka kwenye kiungo, chuma kikampiga kifuani. Akafa pale pale, na uji uliokataa kwenda ukamtiririkia usoni, mwepesi kama maji.

Makaburini, Fabiola akasimama mbele ya jeneza. "Aliyemuua mume wangu asitie udongo."

Ditram akasema, "Mimi nilihangaikia mkate wenu. Mgodi ungefungwa mngekula nini? Wala sikumwambia awashe."

Otilia akasema, "Nilipinga kupunguza maji. Nilimwonya asiwashe. Ningefanya nini tena?"

"Ungefungua koki," Fabiola akamjibu.

Hapo mama yake Egno, aliyeketi chini, akainua uso. "Na wewe, mkwe wangu? Zahanati iko nyuma ya nyumba yako. Miguu unayo. Mwanangu ulimwita wa nini?"

"Mama, mtoto alikuwa anakauka mikononi mwangu. Ningemwita nani?"

Jirani mmoja akajaribu kuwapatanisha. "Jamani, tusitafutane. Egno mwenyewe alionywa, akawasha."

Mama akamgeukia. "Kwa hiyo marehemu ndiye mwenye kosa? Basi ajizike!"

Wachimba kaburi wakaegemea majembe yao. Ditram akatazama viatu vyake. Otilia akaficha mikono ndani ya kanga. Fabiola, mtoto mgongoni, akauangalia udongo, asiiname.

Nanyi mnaonisikiliza, mmewaona wote. Mkuu aliyeamuru, mchanganyaji aliyetii, mke aliyeita, na fundi aliyewasha. Je, nani alimuua Egno, asistahili kuushika udongo ule?