Kamba ya Fisi na Mgongo wa Lukwambe

Lipo fumbo moja ambalo wasimulizi wa kisa hiki hawajapata kulifumbua: kwa nini Simba, mwenye wanyama wote wa kuchagua, alimpa Fisi kamba ya kupimia msitu? Wengine husema Fisi alikuwa karibu siku ile, akisubiri mifupa. Wengine husema mwenye kiburi humpenda anayemwitikia "naam" haraka. Tuliache hapo lilipo, maana kamba ilikwishatolewa.

Mwaka huo mvua zilikosa mara mbili. Nyasi za mbugani ziligeuka majivu, na wanyama wakaukimbilia msitu wa Lukwambe, kila mmoja na haja yake. Tembo walitaka kuangusha miti wale matawi na magome. Nyuki walitaka miti isimame itoe maua. Digidigi, aliyejifungua juzijuzi, alitaka kichaka cha kumfichia mwanawe. Na chemchemi iliyowanywesha wote ilihitaji kivuli, isije ikakauka.

"Miti ihesabiwe!" Simba akaamuru. "Mti mnene, ambao kamba hii haitoshi kuuzunguka, uhesabiwe. Tembo watapewa nusu ya hesabu hiyo. Nimesema."

Siku ya tatu tu Fisi akarudi, tumbo limemjaa, hana hata jasho. Akapanga kokoto mchangani mbele ya baraza.

"Mtukufu, bondeni nimekuta miti minene hamsini. Msitu mzima ni sawa na bonde lile mara ishirini. Basi una miti elfu moja! Tembo waangushe mia tano, wala hatutaona pengo."

Tembo wakapiga masikio kwa furaha. Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Elfu moja! Nani mwingine ana msitu kama wangu?"

Sungura, aliyeketi kando ya Digidigi, hakushangilia. Shimo lake lilikuwa juu, kwenye mgongo wa kilima, na alijua kuwa huko miti ni myembamba kama miiba ya nungunungu. Akaitazama kamba ya Fisi. Ilikuwa na tope la bondeni; vumbi jekundu la mgongoni halikuigusa. Kisha akamtazama Fisi mwenyewe, akamwona anamkodolea macho Digidigi huku akilamba midomo.

Hapo Sungura akaelewa. Tembo wangelimaliza bonde, wasiifikie mia tano, kisha wangepanda juu na kuangusha chochote kilichosimama. Vichaka vikiisha, mwana wa Digidigi angebaki uwanjani kama kitoweo sahanini.

Lakini nani angemwambia Simba kwamba elfu yake ni ya uongo? Sungura akachagua kuzunguka.

"Shikamoo, Mzee Fisi! Hesabu yako tamu kweli. Mtukufu, kwa nini tusiitumie na kwenye mgao wa mifupa? Mwaka huu ni michache. Tupime nani ana njaa, kwa kamba hiyohiyo."

"Pima," akasema Simba.

Sungura akamzungushia Fisi kamba tumboni. "Lo, tumbo hili limejaa! Na kutoka pua mpaka mkia, mzee wetu ni sawa na matumbo matano. Kwa hiyo ana matumbo matano yaliyojaa. Mtukufu, huyu hahitaji mfupa mpaka masika!"

Nyani alicheka hadi akaanguka kutoka tawini.

"Wee Sungura!" Fisi akafoka. "Huwezi kupima mahali panono ukasema pote ni hivyo! Shingo yangu je? Na hii miguu ya nyuma, huioni ilivyokonda?"

"Naiona, mzee wangu. Na mgongo wa Lukwambe je, wewe uliuona?"

Simba akaivuta kamba, akainusa.

"Fisi, ulifika mgongoni?"

"Mtukufu... jua lilikuwa kali."

"Na huko bondeni, shina ulilipimia wapi?"

"Chini kabisa," Fisi akanong'ona. "Pale mizizi inapovimba."

"Kwa nini?"

Fisi akamtupia Digidigi jicho, akameza mate. Ikawa jibu tosha. Labda tusimcheke sana. Njaa hupima kwa macho yake yenyewe.

Simba alinuna. Elfu moja si kitu cha kupoteza mbele ya watu. Sungura akamfungulia mlango: "Mfalme anayeujua msitu wake ni mkubwa kuliko mwenye msitu wa kokoto."

"Hilo ndilo nililotaka kusema mimi," Simba akajibu.

Ikaamuliwa msitu upimwe upya mahali patatu: bondeni, mteremkoni na mgongoni, kila mahali na kokoto zake. Kamba ipite usawa wa kifua cha Punda Milia, mizizi isihesabiwe. Miti ya maua ya Nyuki, vichaka, na kivuli cha chemchemi visiguswe. Kazi akapewa Kobe, kwa kuwa Kobe hajapata kuruka hatua hata moja maishani mwake.

Ikapatikana miti minene themanini. Tembo wakapewa ishirini tu, maana iliyobaki ilikuwa ya Nyuki na ya chemchemi. Mama Tembo alinung'unika, akala, akasema, "Basi. Ishirini ya kweli inashibisha kuliko mia tano ya mchangani."

Na aliyeibeba kamba siku kumi na moja juani, nyuma ya Kobe, alikuwa Fisi; mfupa wake ulimngoja mwisho wa kazi. Walipofika mgongoni, mwana wa Digidigi akachungulia kichakani kuwatazama. Fisi hakuwa na nguvu hata ya kugeuza shingo.

"Mbona njia ndefu hivi?" akalia.

Kobe hakusimama. "Uliijua nyingine, mzee. Njia ya mwongo ni fupi."