Kofia ya Dohani ya Mzee Obadia

Azuiaye mvua yote hulala na moshi. Mmemsikia mama mchungaji akimwambia hivyo Baba Upendo, kwa sababu amemkataza binti yake kwenda kwaya, kwenda sokoni, hata kusukwa nywele kwa jirani. Nikawaona mnatazamana. Mvua na binti wapi na wapi? Basi ketini niwaeleze. Maneno hayo yalizaliwa huku huku kwetu Makete, nyumbani kwa Mzee Obadia Tweve, na yalizaliwa hivi.

Nyumba ya Mzee Obadia ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na meko yake yalijengwa ndani ya ukuta wa sebule. Kutoka mekoni ilipanda dohani, lile bomba la matofali linalotoa moshi juu ya paa, na kwenye mdomo wa dohani ilikaa kofia ya bati ili mvua isiingie. Baridi ya huku mnaijua, haina mzaha. Moto ukizimika, hata maji ya kunywa yanauma meno.

Mwaka ule binti yake, Atuganile, alikuja kujifungulia kwa wazazi. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekufa kwa homa ya mapafu kabla ya kuota jino, na Mzee Obadia ndiye aliyembeba hadi makaburini. Kwa hiyo alipozaliwa Tusekile, babu mtu hakutulia tena. Akiona dirisha wazi, anafunga. Akisikia upepo, anauliza, "Mtoto amefunikwa?"

Basi upepo ukaja ukaing'oa ile kofia na kuitupa shambani kwa watu, imekunjamana kama jani la kabichi. Mvua ikashuka ndani ya dohani, ikazima moto, na majivu mabichi yakatiririka hadi ukingoni mwa mkeka alipolala mtoto. Mzee Obadia aliyatazama yale majivu. Akachukua koti lake, akaenda kwa Mbilinyi, fundi bati.

Fundi alikuwa na kofia za namna mbili. Moja ilisimama juu ya miguu mirefu, pande zote wazi. Nyingine ilikuwa hivyo hivyo, ila imezungushiwa wavu wa matundu makubwa ili ndege wasijenge humo.

"Mvua ya upepo haitaingia?" akauliza Mzee Obadia.

"Matone mawili matatu yataingia, mzee. Hayazimi moto."

"Mimi sitaki hata moja. Ikate miguu iwe mifupi kabisa. Na wavu uweke ule wa madirishani, wa kuzuia mbu."

Fundi akajikuna kichwa. "Na moshi, mzee?"

"Moshi ni hewa tu. Utapenya."

Fundi naye hakuwa na hakika. Hakuwahi kuombwa kofia ya namna hiyo, akaitengeneza kama alivyoambiwa. Mzee Obadia akapanda ngazi mwenyewe, akaivisha dohani kofia mpya, akakaza skrubu pande zote. Mvua ikanyesha siku hiyo hiyo. Akainama mekoni, akapitisha kiganja juu ya majivu. Makavu. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu mjukuu azaliwe.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Kisha, polepole, watu wa nyumba ile wakaanza kuchanganyikiwa.

Bi Eda, mke wa mzee, alitia chumvi kwenye chai, akainywa na asijue ina nini. Akamwita jirani yake wa miaka yote kwa jina la mtu mwingine. Mzee Obadia alikuwa akisimama katikati ya sebule, ameshika kuni, hakumbuki alitaka kuzipeleka wapi. Atuganile aliamka na kichwa kizito na kichefuchefu. Akaenda zahanati, akapimwa malaria, hana. La ajabu ni kwamba alipofika zahanati kichwa kilikuwa kimepona. Akirudi nyumbani, kinaanza tena. Kanisani wote walikuwa wazima, wanaimba. Wakirudi na kukaa sebuleni, wanasinzia kabla chakula hakijaiva.

Ni nini? Wifi wa Bi Eda alisema kuna jicho baya. Bi Eda alisema ni maji ya kisima. Sebule ilikuwa na ukungu wa moshi, ndiyo, lakini Mzee Obadia alisema ni kuni za miti ya miwati ambazo hazijakauka, akabadilisha kuni. Ukungu ukabaki. Akadhani labda wanaugua kwa baridi, basi akaziba nyufa za madirisha kwa matambara na kuongeza moto. Hali ikazidi. Kila mmoja alikuwa na jibu, na hakuna jibu lililosimama hadi kesho yake.

Alasiri moja ya mvua kubwa, Atuganile alimwinua Tusekile amnyonyeshe. Mtoto hakufungua mdomo. Akamtikisa. Shingo ikalegea.

"Mama! Mtoto haamki!"

Akamkumbatia, akatoka mbio kuelekea zahanati, bila kanga kichwani. Mzee Obadia akamfuata akipepesuka, mwavuli mkononi.

"Mfunike! Atuganile, mvua! Utamuua kwa baridi!"

Atuganile hakusimama. Matone yakampiga mtoto usoni. Walipofika kwenye kona ya njia, Tusekile akakunja uso, akavuta pumzi, akalia.

Mzee Obadia akamfikia, akataka kumkinga kwa mwavuli. Binti akausukuma.

"Acha, baba. Acha imnyeshee. Humu kwenye mvua analia. Mle ndani alikuwa amenyamaza."

Mzee akasimama, amechanganyikiwa. Mvua ndiyo aliyoiogopa, na mbele ya macho yake mvua ilikuwa imemrudisha mtoto. Akageuka kuitazama nyumba yake. Mekoni kulikuwa na moto mkubwa, lakini dohani haikutoa hata uzi wa moshi. Moshi ulikuwa unajipenyeza chini ya mabati ya paa, na mlangoni Bi Eda alikuwa amekaa chini, anakohoa.

Mtoto alipelekwa zahanati akapona. Mzee Obadia akapanda ngazi mvua ikimnyeshea. Ule wavu wa mbu ulikuwa umezibwa na masizi, mnene kama ukoko wa sufuria. Hata sindano isingepita. Akaing'oa kofia. Moshi ukaruka juu kama ng'ombe aliyefunguliwa zizi.

Fundi Mbilinyi akampa ile ya miguu mirefu, yenye wavu wa matundu makubwa. Mvua iliyofuata ilikuja na upepo, na tone moja likashuka likaangukia makaa: chwii! Mzee Obadia akaruka kitini.

"Imeingia! Kesho nitaishusha kidogo tu—"

Bi Eda alikuwa amempakata Tusekile karibu na moto. Hakuinua hata sauti.

"Kaa chini, Baba Atuganile. Azuiaye mvua yote hulala na moshi."