Miimo Iliyopigwa Randa

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Sarwani ndugu walichinjana miaka saba. Kibla chao kimoja, dua yao moja, na bado wakatiana panga. Vita vilipokoma, watu wa mtaa wa chini, walioushinda mtaa wa juu, wakaazimia kuanza na msikiti, kwani nyumba ya Mola haifai kuachwa gofu. Kazi ya mlango akapewa seremala Harithi bin Nasibu, mcha Mungu asiyekosa swala ya jamaa.

Mbao hazikuwepo, miti yote ilikwisha kuungua. Harithi akapanda mtaa wa juu, ambao watu wake waliuawa ama kufukuzwa, akang'oa miimo ya mlango katika nyumba iliyobaki tupu. Mwimo mmoja ulikuwa na mikato ya kisu, mmoja juu ya mwingine, ambayo mama huikata akipima kimo cha mwanawe mwaka hata mwaka. Harithi akaitazama kidogo. Kisha akaipiga randa mpaka mti ukawa laini.

Ada ya mji ule ilikuwa kwamba msikiti mpya hauswaliwi mpaka fundi aape mbele ya jamaa kuwa humo hamna kitu cha dhuluma. Ijumaa ya kwanza Harithi akasimama, akautazama mlango.

"Apa, ndugu yangu, wakati unapita," akasema imamu.

"Siwezi, maulana. Mlango huu ni wa kuporwa."

Watu wakaghadhibika. Mmoja akapaza sauti: "Wenyewe wamekufa! Unamwogopa nani?"

"Ninayemwogopa mimi hafi."

Akashika njia siku tatu akiulizia wenye nyumba ile, mpaka akampata mwenyewe, mjane Bi Ruqayya binti Shaddadi, akiishi hemani na wakimbizi wenziwe. Akamweleza, akamsihi aje auchukue mlango wake. Bibi akaja. Hakutazama msikiti wala watu. Alipitisha kiganja kwenye mwimo, chini hata juu, kisha akarudia.

"Alama za mwanangu ziko wapi?"

"Niliziondoa kwa randa, mama. Niliogopa zingenisema."

"Mtaa wenu ulimuua Yunusi wangu. Zile ndizo zilizonibakia kwake, nawe ukazifanya maranda."

Harithi akapiga magoti, akilia, akiomba radhi.

"Mlango uacheni hapo hapo," akasema Bi Ruqayya. "Na wewe usiniombe leo. Niombe kila Ijumaa."

Akarudi kukaa katika gofu la nyumba yake. Miaka kumi na mmoja Harithi alisimama pale mlangoni kila Ijumaa kumwomba radhi, naye Bibi akipita asigeuke. Wengine wa mtaa wa juu, waliposikia kwamba Sarwani yupo mtu anayekiri, wakaanza kurejea mmoja mmoja. Waliokuwa wakisema yaliyopita si ndwele hawakumrejesha hata mmoja.

Harithi alipofariki, imamu akauliza mbele ya jeneza kama yupo anayemdai haki.

"Mlango nimemsamehe," akasema Bi Ruqayya kutoka nyuma.

Ya alama hakuyataja. Imamu akangoja, na jamaa wote wakangoja, mpaka jeneza likainuliwa.

Ndugu zangu, mji ule ulisimama tena, kuta na mapaa. Lakini tusijidanganye kwamba kila kilichovunjwa hujengeka. Mwenye haki akikunyima msamaha hajakudhulumu. Tumwombe Mola atujaalie ulimi mkweli kabla mkono haujashika randa.