Kirukia cha Mnazi wa Makame

Wahenga wa pwani walisema: kila chombo kwa wimbile. Maana yake ni kwamba wimbi linalokibeba chombo hiki huenda likakizamisha kile. Basi usimpimie mwenzio wema kwa kibaba chako. Bimkubwa wa Msambweni aliisikia methali hii tangu utotoni, akawaonya nayo wengi. Yeye mwenyewe ilimfika mwaka ule wa uhuru, alipopata mkwe.

Mkwe huyo alikuwa Kadzo, binti wa wafugaji wa nyika ya Kinango, mrefu na mpole, mwenye sauti ya chini kama maji ya mtungini. Alipoolewa na Makame, mwana wa pekee wa Bimkubwa, alikuja na sanduku la nguo na kigogo kilichoshikwa na mmea wa ajabu: mashina ya manjano kama miwa midogo, na mizizi myeupe iliyosimama kama sindano. Ilikuwa okidi ya porini, ile ambayo maua yake yana madoadoa kama ngozi ya chui. Mama yake alimkabidhi akamwambia, "Ua hili likichanua huko, ujue umefika nyumbani. Likifa, rudi tukutazame."

Kadzo aliufunga mmea wake kwenye mnazi uliokuwa mbele ya jiko. Hakujua kwamba chini ya mnazi huo ndipo kilipozikwa kitovu cha Makame, na kwamba watu wa pwani huuhesabu mti kama huo kuwa pacha wa mwenye kitovu.

Mizizi ilipoanza kulishika gome, wa kwanza kuushtukia mmea alikuwa jirani, Mwanafatuma, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua likizo.

"Shoga, njoo utazame! Mkweo kapandisha kirukia juu ya mnazi wa mwanao. Kitamnyonya mpaka abaki kumbi tupu."

"Nani, mnazi au mwanangu?"

"Chagua mwenyewe!"

Bimkubwa alicheka, lakini maneno yale yalimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Nani asiyekijua kirukia? Mikorosho na miembe mingapi imekaushwa nacho! Hata hivyo, hakuwa mkatili. Kesho yake, Kadzo alipokwenda kisimani, aliubandua mmea ule, akauchimbia shimo kando ya bafu, akautilia udongo mweusi na mbolea ya mbuzi, kisha akaumwagia maji mpaka shimo likafurika.

Kadzo alirudi, akasimama na ndoo kichwani. "Mama, huo haukai chini."

"Mwanangu, mmea wenye adabu hula udongo. Tulia, uone nitakavyounenepesha."

Kadzo naye alitunzwa vivyo hivyo. Kila siku alipakuliwa wali wa nazi na papa. Alikuwa amelelewa kwa sima na maziwa ya mgando. Akameza kwa heshima, akashukuru, na akazidi kukonda. Mkwe akikonda, sahani ilijazwa zaidi.

Kule kando ya bafu, mashina yalilegea, yakawa meusi chini na kutoa uvundo. Asubuhi moja Bimkubwa alimkuta Kadzo akifunga sanduku.

"Waenda wapi?"

"Kwetu, mama. Ua limekufa."

"Kwa ajili ya ua tu, mwanangu?"

Machozi yalimjibia Kadzo.

Bimkubwa alitoka nje. Makame alikuwa kazini katika mashamba ya miwa Ramisi. Akirudi ataambiwa nini? Alikwenda moja kwa moja kwenye mnazi, autazame ule uharibifu uliomtia hofu. Akalipapasa gome. Kirukia alichokijua yeye huzamisha meno ndani ya mti na kuacha jeraha. Hapa gome lilikuwa zima. Mizizi ilikuwa imeacha mistari tu, kama alama za mkeka kwenye shavu la mtoto aliyelala.

"Kadzo!" aliita. "Mmea huu ulikuwa ukila nini?"

"Umande, mama, na majani makavu yanayoangukia mizizini. Haunyonyi mti. Umeazima mgongo wake tu, kama mtoto mbelekoni."

Bimkubwa akasema, "Basi fungua sanduku, mwanangu, unifundishe. Nimekaribia kuua kwa ukarimu."

Wakaufukua. Kadzo alikata palipooza, akapaka jivu, akauacha kivulini mpaka vidonda vikakauka. Mashina machache yalikuwa bado mazima. Bimkubwa, msokotaji hodari wa kamba za makumbi, ndiye aliyeufunga tena juu ya mnazi wa mwanawe, upande wa jua la asubuhi: udongo hapana, mbolea hapana, na wakati wa kiangazi maji ya kunyunyiza tu.

"Na wewe leo utakula nini?"

"Maziwa ya mgando, mama, kama yapo."

"Yatapatikana, hata kama ni kwa kumpigia magoti Mwanafatuma mwenye ng'ombe!"

Mwaka uliofuata, baada ya vuli, mnazi ule ulivaa vishada vya maua ya manjano yenye madoadoa, na madafu yake hayakupungua. Sanduku la Kadzo wakati huo lilikuwa likihifadhi kamba za Bimkubwa. Mwanafatuma alifika mbio.

"Shoga, kirukia chako chapendeza! Nikatieni kipande."

"Utakitunzaje?" aliuliza Kadzo.

"Ala! Kwa mbolea, na maji tele!"

Mkwe na mama mkwe walitazamana, wakaangua kicheko.

"Kaa kwanza, shoga," alisema Bimkubwa, akimsogezea kigoda. "Kila chombo kwa wimbile."