Rilei Iliyoitika

Mtu mmoja alikuwa na ndege aliyoiunda mwenyewe ndani ya ghala la mahindi. Jina lake Zefania Luvanda, mkazi wa vilima vya Njombe, na kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa ndege zinazonyunyizia dawa mashamba makubwa. Kwa miaka thelathini alitengeneza ndege za watu wengine, wakapanda wao, yeye akabaki chini akiwapungia mkono. Alipostaafu akasema sasa ni zamu yake. Kazi ilimchukua miaka tisa. Mbawa alizitengeneza kwa mbao na kitambaa, injini akaipata iliyokwisha kutumika, na viti vikawa viwili, kimoja nyuma ya kingine. Wakaguzi walikuja kutoka mjini, wakaizunguka siku mbili nzima, wakampa kibali cha kuruka mchana tu, juu ya mashamba tu, na abiria asizidi mmoja.

Ndege hiyo ilikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyemwomba. Magurudumu yake yalikuwa yanakunjwa. Mkewe, Yunisi, alimwambia kwamba magurudumu yasiyokunjwa hayawezi kugoma kukunjuka. Wakaguzi nao walimwambia hivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Lakini Zefania alikuwa amewatazama mwewe wakiruka wameficha miguu, na kwake ndege inayoning'iniza magurudumu angani ilikuwa kama bwana harusi aliyevaa mabuti ya mvua.

Kukunja na kukunjua ilikuwa kazi ya mota. Mota hiyo ilitaka umeme mwingi kuliko ule ambao swichi ndogo iliyo mbele ya rubani ingeweza kuuvumilia. Kwa hiyo kati ya swichi na mota Zefania aliweka rilei, kijisanduku cha ukubwa wa kiberiti, alichokitoa kwenye lori bovu. Zilikuwa mbili, ya kupandisha na ya kushusha, na habari yetu ni ya hii ya kushusha. Rubani akibonyeza swichi, umeme mdogo unafika kwenye rilei. Rilei inasikia, inagusanisha vyuma vyake viwili vya ndani, na umeme mkubwa unapita hapo kwenda kwenye mota. Kila inaposikia hutoa sauti: tak. Zefania aliipenda sauti hiyo. Alikuwa akisema kwamba huyu ni mtumishi anayeitika kabla hujamaliza kumwita.

Siku moja asubuhi alimpandisha mdogo wake, Eliudi. Eliudi alikuwa mkulima wa maharage, mtu mpana, na alikubali kupanda kwa sababu alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba haogopi. Walipaa vizuri. Waliona misonobari, waliona mapaa ya nyumba zao, na Eliudi akagundua kutoka juu kwamba jirani yake amesogeza mpaka wa shamba hatua kama kumi. Jambo hilo lilimuudhi sana hata akasahau kuogopa. Kisha wakageuka kurudi, na Zefania akabonyeza swichi ya kushusha magurudumu.

Tak, ikasema rilei. Baada ya hapo, kimya. Taa tatu ndogo za kijani, ambazo huwaka magurudumu yakishuka na kujifunga, zilibaki zimezima. Akabonyeza tena. Tak. Alibonyeza mara kumi na moja, nayo ikamwitikia mara kumi na moja, na magurudumu yakabaki tumboni mwa ndege kama hayakuhusika.

Zefania alikuwa ameweka hendeli ya kuyashusha kwa mkono siku ikilazimu. Aliiweka chini ya kiti cha nyuma, kwani alipokuwa akichora ramani yake aliwaza abiria wembamba. Eliudi aliambiwa ainuke kidogo, aitafute hendeli katikati ya miguu yake, aizungushe mara sitini. Alizungusha. Alipofika thelathini na nne ndege ilitikiswa na upepo, hesabu ikampotea, na kwa kuwa ni mtu mwaminifu akaanza tena moja. Alipofika ishirini na sita hendeli ikakataa kusogea. Eliudi akatangaza kwa huzuni kwamba imevunjika, na kwamba yeye amemsamehe jirani yake ule mpaka. Wakati huo huo taa tatu zikawaka kijani. Walitua salama, wakaruka matuta mawili, wakasimama.

Eliudi alishuka akakaa chini, akashika nyasi kwa mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge. Zefania hakumtazama. Alikuwa ameshalala chali chini ya ndege akimtafuta mkosaji, na hapo, kwenye mfereji wa nyaya, akakuta punje moja ya haragwe.

Ni kweli kwamba Eliudi alikuwa amehifadhi magunia yake ishirini na mawili katika ghala hilo hilo. Ni kweli pia kwamba maharage huita panya, na panya hutafuna nyaya. Zefania aliinuka na ile punje mkononi, akawaonyesha majirani waliokuja kutazama, akasema huyu aliyeketi pale nusura awaue wote wawili kwa maharage yake. Eliudi alimtazama kaka yake, kisha akaviangalia viganja vyake. Mchana huo aliyatoa magunia yote ghalani, akayapanga uani kwake chini ya turubai, na tangu hapo ndugu hao wakikutana njiani kila mmoja alipatwa na kikohozi.

Zefania akaanza kutengeneza. Alibadilisha nyaya zote, ingawa hakuona hata mmoja uliotafunwa. Aliinua ndege juu ya stendi za mbao ili magurudumu yaning'inie, akabonyeza swichi. Magurudumu yakashuka mara mbili, ya tatu yakagoma. Akailaumu betri, akaleta mpya. Yakashuka mara nne, ya tano yakagoma. Akailaumu mota, akaifungua, akaiosha, akaiweka pembeni, akafunga nyingine. Mota mpya nayo ikagoma, na Zefania akasema vitu vya siku hizi havina maadili. Akalaumu baridi ya Juni. Akamlaumu kuku aliyekuwa akitaga chini ya kiti cha rubani, akamhamisha, naye kuku akaacha kutaga kabisa.

Rilei hakuigusa. Angeigusaje? Kila alipoiita iliitika. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa fundi makini, siku moja aliipima. Alifungua waya unaotoka kwenye rilei kwenda kwenye mota, akaunganisha hapo balbu ndogo kama ya tochi, akabonyeza swichi. Tak, na balbu ikawaka vizuri. Akaridhika, akapangusa vumbi juu ya rilei kwa kidole, akarudi kuilaumu mota.

Ikapita miezi minne. Ndege ikageuka kuwa fanicha. Yunisi alianza kuanika mbogamboga kwenye bawa la kushoto, na Zefania, ambaye zamani angepiga kelele, akawa anazipita tu.

Basi mashine ya kusaga ya kijijini ikaharibika, akaitwa fundi umeme kutoka Makambako, mwanamke aitwaye Tusekile. Huyu alikuwa akitengeneza mota za mashine, majokofu na matrekta, na hakuwahi kuikaribia ndege maishani mwake. Alipomaliza mashine, Yunisi alimngojea mlangoni akamwomba apite nyumbani mara moja. Zefania hakufurahi. Alimweleza mgeni kwa kirefu kwamba ndege si mashine ya kusaga. Tusekile alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: ni kipi ambacho hujakibadilisha?

Zefania akasema ni rilei peke yake, na hiyo ni nzima, asikie mwenyewe. Akabonyeza. Tak. Akamwonyesha na ile balbu ndogo. Ikawaka.

Tusekile akaomba taa kubwa ya mbele ya trekta. Ikaletwa. Kwanza aliiunganisha moja kwa moja kwenye betri, na ghala zima likajaa mwanga, hata utando wa buibui ukaonekana darini. Kisha akaiunganisha baada ya rilei, pale pale palipokuwa na balbu ndogo, akamwashiria mzee abonyeze. Tak, ikasema rilei, kwa adabu ile ile. Taa ya trekta ikatoa wekundu hafifu, kama kaa linalozimika jikoni. Ulikuwa umeme wa kuwashia balbu ya tochi, wala si zaidi.

Tusekile alikifungua kile kijisanduku kwa bisibisi. Vile vyuma viwili vinavyogusana ndani vilikuwa vimeungua, vyeusi kama masizi ya chungu. Kila mota ilipoanza kuzunguka, cheche ndogo ilivichoma kidogo, na hakuna aliyetazama, kwa sababu sauti haikubadilika. Alikiweka kiganjani mwa mzee.

"Mzee Luvanda," alisema, "kusikia inasikia. Kupitisha ndiko haipitishi."

Zefania aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikigeuzageuza kile kidude. Aliikumbuka betri iliyokuwa nzima, na mota iliyokuwa nzima, na nyaya zilizokuwa nzima, akamkumbuka na mtu mmoja mwenye malengelenge viganjani. Tusekile alifunga rilei mpya, nene zaidi, na ile ya kupandisha nayo ikabadilishwa kwa tahadhari. Wakashusha na kupandisha magurudumu mara thelathini bila hata moja kugoma.

Siku ya pili Zefania alikwenda hadi mlangoni kwa Eliudi. Alivua kofia, akasema amemkosea, akaomba msamaha. Eliudi akasema amemsamehe. Wakashikana mikono, wakaulizana habari za watoto, kila mmoja akarudi kwake amefurahi. Juma likapita, likapita la pili. Magunia yalikuwa bado chini ya turubai, na kikohozi cha njiani kilikuwa bado hakijapona. Jioni moja, wakiwa jikoni, Zefania alimweleza mkewe jinsi alivyoomba msamaha vizuri, na jinsi mdogo wake alivyomjibu vizuri. Yunisi aliendelea kusonga ugali. Hakugeuka.

"Tak," alisema.

Zefania hakumaliza chakula chake. Asubuhi alichukua baiskeli, akaenda uani kwa Eliudi, akatoa turubai, akapakia gunia la kwanza bila kuomba ruhusa. Lilikuwa limeshika unyevu kwa chini, na zito. Alilisukuma hadi ghalani, akaliweka juu ya mbao, pale pale lilipokuwa, akarudi kuchukua la pili. Eliudi alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, akimhesabia. Kwenye gunia la nne baiskeli ililala kwenye tope na mzee akalala nayo. Eliudi alikunjua mikono yake, akaja, akainua gunia, kisha baiskeli, na mwisho kaka yake. Tangu hapo mmoja alishika usukani na mwingine akasukuma kwa nyuma. Yaliyoharibika yalikuwa magunia matatu, na Zefania akatoa matatu ya mahindi yake mwenyewe, na hilo hawakulizungumza hata kidogo.

Mwezi uliofuata walipaa tena wote wawili. Eliudi alipanda kwa sharti kwamba hendeli ihamishwe mahali ambapo mtu anaweza kuishika bila kujivunja kiuno, na ilihamishwa. Waliporudi juu ya uwanja Zefania alibonyeza swichi. Tak, ikasema rilei mpya, na mara mota ikanguruma chini ya miguu yao, magurudumu yakashuka, taa tatu zikawaka. Eliudi alikuwa ameshika hendeli kwa mikono miwili muda wote, na baada ya kutua ilibidi abembelezwe ili aiachie.

Hayo ndiyo yaliyowapata, na sasa narudi kwenu, ndugu zangu mliokusanyika hapa. Kabla sijaanza kusimulia niliwatangazia kwamba upepo umeezua paa la Bi Atuganile, yule mjane wa kule chini kisimani, na kwamba analala na wajukuu zake chini ya mawingu. Niliuliza ni nani atakayekwenda kesho kumwezekea. Mliitika "Tupo!" kwa pamoja, kwa sauti iliyotikisa madirisha, nami niliisikia, na kweli ilikuwa nzuri sana.

Nani kati yenu ana ngazi?